Mbegu Hazitemwi Nyumbani Mwetu

Sogezeni viti, wanangu, kila mmoja upande wake wa kitanda kama mlivyozoea kukaa tangu mgombane, lakini leo mikono yenu iwe juu ya shuka nipate kuishika. Savino, zima hiyo simu. Gerarda, mito inatosha, mama, ukiongeza mwingine nitakuwa nimesimama. Daktari amesema nisiseme sana, nami nimemjibu kwamba nitanyamaza vya kutosha kule juu karibu na kaburi la baba yenu, ila leo nina maneno, na maneno ya siku nyingi tumboni hugeuka siki. Nitasema mimi, mtasikiliza ninyi. Atakayenikatiza nitanyamaza hapo hapo, halafu mtabaki mkijiuliza maisha yenu yote, kama mimi nilivyobaki nikijiuliza, na nawaambieni, kujiuliza bila jibu ni kuwashwa mgongo mahali mkono haufiki.

Kwanza mali, maana hata mtoto mwema hasikii neno lingine kabla hajasikia la mali. Nyumba hii ni ya Gerarda, kwa sababu aliporudi kutoka Torino ndiye aliyeiezeka na kutengeneza bafu, na wewe Savino una yako pale karibu na kanisa. Shamba la chini mgawane, mpaka wenu uwe ule mlozi, na msiukate huo mlozi hata kama umezaa chungu mwaka huu. Trekta ni ya Savino. Pango la divai ni lenu wote wawili, halikatwi, baba yake babu yenu alilichimba kwenye jiwe hilo kwa mikono yake bila kuweka ukuta wa kati, na atakayeweka ukuta wa kati nitamjia usiku. Lile shamba la juu, la mizabibu ya zamani, nitalisema mwisho, kwa sababu ndilo lililonifanya niwaite.

Miezi kumi na moja hamjasemezana. Mnadhani sijahesabu? "Mama, mwambie kaka chupa zimekwisha." "Mama, mwambie dada hakuna aliyekufa kwa kukosa chupa." Na huyo dada amesimama hapo hapo, ana mkate mkononi. Mmenifanya posta katika uzee wangu. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na kunguru nimemsikia, wanangu, kwa sababu dirisha hili liko juu ya mlango wa pango na masikio yangu bado hayajanisaliti. Jumanne alikuja yule bwana wa kampuni ya Kaskazini, yule mwenye viatu vyekundu, na wewe Savino ukamwambia kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayeungama: "Bila mama hatuna divai. Pua ile haikurithiwa. Mimi sinusi kitu zaidi ya sigara yangu. Lichukueni shamba la juu wakati bado lina jina." Yeye akasema Jumatatu mtatia sahihi, na kwamba chupa zitaandikwa *Pua ya Mama* na picha yangu nimefumba macho juu ya kichala. Nilicheka mpaka Gerarda akaja na maji akidhani nimepaliwa.

Sikukasirika, Savino baba. Usiinamishe kichwa. Nilisikitika, halafu nikaona kosa ni langu, nikasema nisife kabla sijakiri.

Mnaijua habari ya divai yetu ilikotoka. Nilipoolewa hapa chini ya mlima Vulture, divai hii haikuwa na jina. Malori yenye matangi yalikuja mwezi wa tatu, yakaimwaga ndani pamoja na ya vijiji vya Barile na Rapolla na ya kila mtu, yakaipeleka Kaskazini kutia rangi na nguvu divai zao zilizopauka, wao wakabandika majina yao ya kifahari. Ilikuwa kama msichana wa kazi wa nyumba kubwa, anapika kila kitu na wageni hawaambiwi ameitwa nani. Sisi wenyewe tulikunywa na lagane, tambi zetu pana, na dengu, tukisema ni kali, inakwaruza ulimi, lakini ndiyo yetu. Leo wanakuja watu kutoka Tokyo na Kopenhagen, wanashuka pangoni wakijigonga vichwa, wanaishika glasi kama padre anavyoshika kikombe. Chema chajiuza, ni kweli, ila hiki chetu kilikaa dukani miaka mia mbili kabla hakijajiuza. Nani aliyekiuza? Wote mnasema pua ya Incoronata.

Pua hiyo ilikuwepo, sikatai. Msichana wa miaka kumi na tisa, niliingia pangoni kwa mama mkwe, nikamwambia pipa la tatu lina panya. Wakacheka. Wakalifungua, panya huyu hapa. Tangu siku hiyo dalali wa malori, Bwana Gaudioso, Mungu amrehemu na amsamehe, alikuwa akipita kwangu na vikombe vya kijiji kizima nimnusie: hiki kimekaa karibu na samadi, hiki pipa lake halikuoshwa, hiki kimechumwa mvua ikinyesha. Nilijua mkulima aliyegombana na mkewe wiki ya mavuno, kwa sababu zabibu zilikaa kwenye vikapu usiku kucha. Baba yenu alipokwenda Ujerumani kwenye ujenzi akafia huko, ninyi mkiwa wadogo, pua ndiyo iliyobaki kuwa mwanamume wa nyumba. Gaudioso hakuthubutu kumdhulumu mjane anayejua kila pipa la bonde zima lina nini.

Sasa sikilizeni, maana mficha uchi hazai, nami nimeuficha huu miaka zaidi ya arobaini.

Jumapili ile ya tetemeko, Novemba ya mwaka themanini, ninyi mlikuwa kwa mama yangu mkila njugu za chestnati za kuchoma, nami nilikuwa nimeshuka pangoni kuteka divai ya chakula cha jioni. Nilisikia mlima ukinguruma, jiwe likanipiga hapa, kisogoni, weka mkono Gerarda, bado pana shimo. Niliamka kwenye hema la jeshi. Mkasema mama amepona, mkanikumbatia, na yule mtawa akaniletea kahawa. Niliuona moshi wake unapanda, wanangu, nikauvuta ndani, na hapakuwa na kitu. Nikadhani ni kahawa mbaya ya askari. Nikakata kitunguu, machozi yakatoka, harufu haikutoka. Tuliporudishwa nyumbani nikafungua kasha, nikatoa lile shati la buluu la baba yenu, lile ambalo sikulifua tangu lirudi na sanduku lake, ambalo kila jioni nilikuwa nalisogeza usoni kidogo tu, kidogo, nisilimalize. Nikauzika uso wangu wote ndani yake. Lilikuwa kitambaa. Nililia siku ile kuliko nilivyolia siku maiti yake ilipoteremshwa, kwa sababu siku ile ndipo nilipofiwa.

Ndiyo, Savino. Umesikia vizuri. Sina pua. Sijanusa kitu tangu wewe ukiwa na miaka kumi na minne. Funga mdomo, mwanangu, nzi wataingia.

Kwa nini sikusema? Ningemwambia nani? Mjane na watoto wawili, nyumba imepasuka, na Gaudioso yuko mlangoni na vikombe vyake. Ningesema pua imekufa, mwaka ule ule angechukua divai yetu kwa bei ya maji. Basi nikaendelea kuinamisha uso kwenye kikombe, na badala ya kunusa nikawa nawatazama wao. Mtu aliyeleta divai yenye kasoro huangalia viatu vyake. Ulimi uliniachia kidogo, ulijua uchachu, uchungu na ule ukakasi, na masikio yaliniachia yote, naweza kuweka sikio kwenye pipa nikajua limetulia au bado linachemka. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, na imenichosha.

Na mwone jinsi uongo unavyozaa. Ninyi wenyewe mliniwekea sheria. Miaka arobaini hakukaangwa kitunguu nyumba hii mwezi wa kumi, isije ikaharibu pua ya mama. Savino umevuta sigara nje kwenye theluji kama mbwa aliyefukuzwa. Gerarda mwanangu, uliporudi kutoka Torino ulikuwa na chupa kumi za manukato kwenye meza yako, ukazigawa zote kwa binamu zako kwa ajili yangu, na mimi nikakutazama ukizigawa. Ninyi mliizunguka pua hii kama watu wanavyozunguka sanamu ya mtakatifu, na ndani ya sanamu hamna kitu. Siku moja, mnakumbuka, gesi ilibaki wazi jikoni, nami nimekaa pale pale nachambua dengu, Savino akavunja dirisha kwa kiti. Ulinitazama kwa jicho nisilolisahau. Nikakuambia nina mafua. Ukaamini, kwa sababu mtoto huamini mama yake kuliko pua yake mwenyewe.

Mmoja tu hakuamini, naye ni shemeji yangu Eustachio. Sasa nalisema hili mbele ya msalaba uliopo ukutani. Sikukuu ya Mtakatifu Martino, tunafungua divai mpya, watu wamejaa uwanjani, akaniletea vikombe viwili akasema, "Shemeji, nusa utuambie kipi ni cha kwangu." Alikuwa ametia mafuta ya taa tone moja kwenye kimoja, baadaye nilijua. Sikunusa kitu. Lakini niliuona mkono wake wa kushoto unatetemeka, nikasema, "Hicho cha kushoto kampe punda wako, kama punda atakubali." Watu wakacheka mpaka wakashika kuta. Yeye akapiga kelele, "Hanusi! Mwanamke huyu hanusi kitu, anatutazama nyuso!" Na alisema kweli tupu, wanangu, kweli kama Injili. Kijiji kikamwita mwenye wivu. Wakamtungia wimbo. Akaacha kuja kilabuni kucheza karata, akafa mtu wa kukaa ndani, na mimi nilikwenda mazishini kwake nikabeba shada la maua na kunyamaza. Sisi wawili tuligombania mpaka wa matete kule juu miaka ishirini, na mpaka huo alikosea yeye, hatua nne nzima, hilo nitalishikilia hata mbele ya Petro mlangoni. Lakini la pua alikuwa mkweli. Kesho asubuhi, ninyi wote wawili, mwende kwa mjane wake Assuntina, mkae, mle atakachowapa, mumwambie: Eustachio alisema kweli, na Incoronata anaomba radhi. Msiseme barabarani. Mwambieni ndani, halafu yeye akitaka kusema barabarani ni haki yake.

Nipe maji. Kidogo. Basi.

Sasa la shamba la juu. Mavuno ya kwanza baada ya tetemeko sikujua nifanye nini. Zamani nilikuwa nakwenda pale kwenye miti, kila mzabibu umefungwa kwenye matete yake matatu yaliyokutana vichwa, nasimama, nanusa, najua: kesho. Mwaka ule nilisimama kama mtu aliyeingia kanisa la dini nyingine. Majirani wakachuma. Nikasema bado. Sikusema bado kwa hekima, nilisema bado kwa woga. Mvumilivu hula mbivu, lakini mimi sikuwa mvumilivu, nilikuwa mwoga, na kwa mbali mwoga na mvumilivu wanafanana sana. Eustachio akapita na mkokoteni umejaa akasema, "Incoronata, unangoja Mamajusi waje wakuchumie?"

Nikawa nakula zabibu kwa wasiwasi tu. Na mnajua sheria ya mama mkwe: mbegu hazitemwi nyumbani mwetu, anayetema mbegu anamtemea aliyepanda. Kwa hiyo nilizitafuna. Na siku moja nikaanza kusikiliza. Mbegu mbichi ukiing'ata inalainika na kukwama kwenye jino kama kijiti kilicholowa. Wiki ya pili inang'ang'ania. Wiki ya tatu, kule juu tu, kwenye miti ya zamani, si kwingine, ikalia. Ikalia *tak*, kavu, kama dengu za kukaanga. Niling'ata nyingine. *Tak*. Na ule ukakasi unaokunja ulimi ulikuwa umeondoka. Nikasema ni leo, na siku hiyo theluji ilikuwa imeshuka mpaka kwenye miti ya chestnati, tukachuma vidole vimekufa ganzi, mnakumbuka, mkilia wote wawili, nikawapa divai ya moto yenye asali.

Mwezi wa tatu Gaudioso akaja na lori. Akaonja. Akaonja tena, akavua kofia, akasema, "Hii usiitie kwenye tangi." Mwanzo wake ni huo. Wakaja wa mkahawa wa Potenza, wakaja wa Roma, wakaja wenye madaftari, wakaandika pua ya mwanamke wa Vulture inajua siku kuliko mashine. Yule kijana wa kupima sukari ya zabibu kila mwaka alisema, "Mama, sukari imetimia, chuma," nami nikainamia kichala nikafumba macho, wote wakabana pumzi kuniheshimu, na wakibana pumzi ndipo nasikia vizuri. Sikufumba macho ninuse. Niliyafumba nisikie. Divai yetu ilipata jina baada ya pua kufa, Savino. Ulidhani unataka kuuza kitu ambacho kitakufa nami, kumbe kilishakufa wewe ukiwa na suruali fupi, na divai haikujua.

Ngoja, sijafika. Hapa ndipo nataka unishike mkono vizuri.

Tazama kinywa changu. Meno haya ni ya nani? Ya daktari wa Melfi. Yangu mwenyewe yalikwisha miaka kumi na moja iliyopita, na haya ya bandia hayajui lolote, ukiyapa mbegu yanakwaruzana kama viti. Sasa niulize, kwa kuwa mimi mwenyewe nimekuwa mdadisi maisha yangu yote na sijapata mtoto mdadisi: miaka kumi na moja hii, mama asiye na pua na asiye na meno, alijuaje siku?

Fikiri. Kila mwaka, mwezi wa kumi unapokwisha, nani ananipandisha shamba la juu? Nani ninayemchumia punje, "Kula, Savino baba, umekonda," na yeye amenenepa kama pipa? Nawe unakula kwa sababu mama kasema, na unatafuna mbegu kwa sababu hazitemwi, umesimama kando yangu unatazama mlima, unafikiria trekta. Mimi nimeinamia kichala, nimefumba macho, sikio langu liko kwenye taya lako. Unatafuna polepole siku ambazo bado. Unasimama kidogo, unahama upande mwingine wa mdomo. Na siku yenyewe ikifika unaongeza kasi bila kujua, unanyoosha mkono kuchukua nyingine kabla sijakupa. Kila mwaka. Sikuwahi kusema "kesho" kabla mkono wako haujanyooka. Chupa ile iliyokwenda Tokyo ikapigiwa makofi, siku yake uliichagua wewe. Ile ambayo bwana wa viatu vyekundu anataka kuiandika jina langu, wewe. Meno ni yako. Mimi nilikuwa sikio tu.

Usilie. Au lia, si vibaya, ila usinitikise mkono, unauma.

Shamba la juu ni lako, lakini Jumatatu usiende kutia sahihi kwa sababu unadhani huna kitu. Ukitaka kuliuza shamba ukijua unacho, basi uza, kufa kwangu hakuwezi kukufunga kamba. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Na Gerarda, usimcheke kaka yako kwa hili, hata kwa macho, nakuona. Wewe unajua kuisema divai kwa watu, yeye anajua kuingoja, na hakuna kati yenu anayeweza kazi ya mwenzake, kwa hiyo salimianeni. Si lazima mpendane leo. Salimianeni tu.

Kitu kimoja nimekitamani miaka yote hii, na nimekitafuta kwa kuuliza. Sijui divai yangu inanukia nini. Nimeitengeneza, nimeiona ikisafiri, na sikuwahi kukutana nayo. Ndiyo maana niliwakera wageni: unasikia harufu gani? Mwenye daftari alisema cheri na moshi na chuma. Mama mmoja wa Tokyo alifumba macho akasema nyumba ya bibi yake mvua inapoanza. Mdenmaki mmoja alisema kiatu cha farasi, na mkewe akamkanyaga. Padre alisema sakristia, kile chumba cha mavazi ya Misa, lakini yeye kila kitu kwake ni sakristia. Nimewaweka wote kichwani, nikiwapanga na kuwapangua, na sijapata divai. Ninyi sikuwauliza kamwe, maana ningejulikana. Gerarda, ile glasi iko hapo mezani. Inuse, mama. Usiniambie yale ya wageni, niambie yako.

Sema kwa nguvu kidogo. Masikio yanakuwa na pamba leo.

Shati la nani?

Shati la baba. Siku ile anashuka kwenye gari moshi kutoka Ujerumani anawainua. Tumbaku, na jasho la safari ndefu, na chuma cha reli, na kitu kitamu mfukoni. Na wewe Savino unatikisa kichwa, nawe unaisikia hiyo? Tangu lini? Siku zote. Siku zote mlikuwa mnaijua, na hamkuniambia, kwa kuwa mlidhani mimi ndiye niliyeijua kwanza.

Basi nimemaliza kuuliza. Lile shati liko kwenye kasha, chini ya mashuka ya harusi. Nivikeni juu ya gauni jeusi. Assuntina akishangaa mwacheni ashangae.

Sasa sikilizeni, sauti inakwisha. Majirani wataleta chakula cha matanga, watakileta siku tatu, kipokeeni hata kama kimeungua. Lakini ninyi pia washeni jiko lenu, mkaange vitunguu, vingi, na zile pilipili kavu, nyumba nzima inuke. Gerarda, jipulizie manukato. Savino, vuta sigara yako ndani, mara moja tu, halafu uache, inakuua. Na siku ya mavuno ikiangukia siku ya kunizika, chumeni kwanza. Mimi nitangoja kwenye jeneza, nimeshazoea kungoja, zabibu hazijui.

Gerarda, sahani. Kile kichala alichokiteremsha Savino asubuhi kutoka shamba la juu. Mpe kaka yako. Mpe mwenyewe, mkononi, usipitishie kwangu, posta imefungwa.

Kula, Savino baba. Umekonda.

Tafuna.

Sikusikia. Sogeza taya hapa, karibu na sikio. Tena. Hapana, mwanangu, sisikii, ni kama theluji imeanguka ndani ya kichwa. Usinitazame mimi. Sina la kukuambia, mimi sijui. Niambie wewe.

Mungu aliyewapa mlima huu awape na subira yake. Bikira Incoronata, ambaye nimebeba jina lake bila kustahili, awafunike. Sogezeni vipaji vya nyuso, hapa kwenye kidole. Wewe. Na wewe. Mbegu zenu zisitemwe na mtu.

Sasa sema. Umetafuna za kutosha.

Bado.

Umesema bado, Savino? Siku ngapi? Sita. Una hakika. Hukunitazama uliposema, nimeona.

Basi ngojeni siku sita. Zabibu bado. Mimi tayari.